Mamangu atameza mionzi, nami nimemficha

*Assalaam aleikum ami,*

Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kifungua mimba kati ya watoto watatu. Babetu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya mama: dawa, malipo, safari za hospitali.

Mama ana miaka 58 na ana rovu. Si lile kubwa la kuning'inia, ni uvimbe mdogo tu, lakini tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono inamtetemeka hadi kahawa inamwagika, na amekonda mpaka bangili zinamvuka zenyewe. Amemeza tembe miaka miwili, akiziacha, yanarudi. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali moja kubwa Nairobi. Wakamdunga sindano, wakamlaza chini ya mashine, wakaipiga picha shingo yake. Kisha daktari, kwa Kiingereza na kwa haraka, akanieleza kwamba dawa ya kumaliza mambo ni iodini yenye mionzi. Ni tembe moja, yamezwa mara moja, basi. Ila baada yake akae mbali na watoto na wajawazito.

Mama akaniuliza, "Anenaje?" Nikamwambia, "Asema kuna tembe yenye nguvu zaidi." Neno mionzi sikulitaja. Ami, babetu alikuwa na saratani ya koo. Alipigwa miale wiki sita, akarudi na shingo nyeusi, ngozi inabanduka, na mama ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta. Baada ya miezi minne tukamzika. Kwa mama, mionzi ni jina la kitu kilichomuua mumewe. Nikilitaja atakataa, na sidhani moyo wake utastahimili mwaka mwingine wa namna hii.

Ndugu yangu hakuweza kunyamaza, akamwambia mjomba. Mjomba asema hiyo ni nyuklia, ileile watu wa Uyombo, kule Kilifi, waliyoandamana kuikataa, na mama akirudi nayo nyumba nzima itaingia sumu, hata maji ya birika, lile tangi la kuchotea. Dadangu ana mimba ya miezi sita, analala orofani. Mwanawe wa miaka mitatu hulala na bibi yake, kwingine hakubali. Na Maulidi yanakaribia. Nyumba yetu hupokea wageni kutoka Faza, Siyu na Mombasa, watu hulala mikekani hadi uani. Tarehe ya dawa inaangukia siku 16 kabla ya wageni kuanza kuingia, na mama ameshamnunulia mjukuu kanzu na kofia.

Nimpeleke akameze bila kujua, halafu nitafute visingizio vya kumweka mbali na mtoto? Nikamkalishe kiungani kwetu mwezi mzima? Ama mjomba ana haki, tuache? Jana usiku mama alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, mbona wanifita?" Sikumjibu.

*Mwenye siri, Langoni*

---

*Waaleikum salaam mwanangu,*

Kwanza ujue unayemwandikia. Mimi si daktari. Nilifundisha kemia na fizikia miaka mingi hapa pwani, na mengi nitakayokwambia ni yale niliyokuwa nikiyaandika ubaoni huku wanafunzi wa nyuma wakisinzia. Dozi na mapigo ya moyo wa mamako ni mambo ya daktari wake. Lakini wewe hukuniuliza dozi. Umeniuliza kama umfiche, na jibu langu ni hapana. Mwambie, tena kabla ya kukata tiketi.

Sitakuhubiria ukweli, hilo umelijua tangu usiku ule aliokuuliza. Nina sababu nyingine, ya kikazi kabisa. Ile tembe ikishamezwa, mlinzi wa mjukuu ni mamako mwenyewe. Atarudi, mtoto atamkimbilia dakani, pale mlangoni, huku amenyosha mikono, na wewe utakuwa jikoni. Asiyejua kitu atamwinua, atambusu, atamlaza kifuani. Ukiwahi kumpokonya mtoto bila kumweleza, utakuwa umemtenga kama mwenye ukoma ndani ya nyumba yake, na jeraha hilo halina dawa Nairobi. Tena kuna karatasi ya idhini ataitia sahihi. Hiyo haitafsiriwi nusu.

Sasa tuje kwa iodini. Tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni zake, na ni kama chombo pekee mwilini kinachoikusanya kwa wingi. Iodini ya kawaida, hiyo inayotiwa kwenye chumvi ya dukani kwa sheria, ina protoni 53 na nyutroni 74 ndani ya kiini cha atomi, jumla 127. Ya tembe ina protoni hizohizo 53, lakini nyutroni ni 78, jumla 131. Protoni ndizo zinazoamua kitu ni nani. Kwa hiyo zote mbili ni iodini, zinaingia mlango mmoja, na seli ya tezi haina macho ya kuhesabu nyutroni. Ndugu wa namna hii ndio tunaoita isotopi. Tofauti yao ni utulivu. Iodini-127 imekaa kama mzee barazani, haina haraka ya kwenda popote. Iodini-131 ina nyutroni nne zaidi na haivumilii. Wakati wowote kiini kimoja hupasua kimya chake, hutupa chembe ya beta pamoja na mwali wa gama, na kugeuka zenoni, gesi tulivu isiyomsumbua mtu.

Tiba iko kwenye hiyo beta. Ndani ya nyama haifiki mbali, milimita chache ndio mwisho wake, basi inaunguza seli za tezi pale zilipo na kumwacha jirani. Tezi yenye tamaa huvuta iodini nyingi kuliko iliyotulia, kwa hiyo inajiunguza kwa tamaa yake. Wanafunzi wangu walikuwa wakiipenda sana sehemu hii. Gama ndiyo inayotoka nje ya mwili, na masharti mengi ya umbali ni kwa ajili yake.

Kuna jambo hukulitambua katika barua yako. Ile sindano kabla ya picha, kwa ulivyoieleza, karibu hakika ilikuwa teknesi-99m, isotopi yenye mionzi inayotumika zaidi duniani katika kupiga picha za namna hiyo. Maana yake mamako ameshatembea na mionzi mwilini, na hakuna aliyeungua. Nusumaisha ya teknesi hiyo ni saa 6, yaani kila saa 6 nusu yake inakuwa imekwisha. Baada ya siku nzima hubaki sehemu moja ya 16, siku ya pili sehemu moja ya 256. Mlipofika Mokowe kupanda boti, alikuwa hana kitu cha kutajika.

Fikra ya kuipeleka mionzi mwilini kama jasusi ina mzee wake, George de Hevesy, Mhungari aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Alipokuwa kijana akifanya kazi Manchester kwenye maabara ya mwanafizikia Rutherford, alimshuku mama mwenye nyumba alikopanga kwamba anawarudishia wapangaji viporo. Basi akatia chembe za mionzi kwenye mabaki ya sahani yake, na siku chache baadaye akaja na chombo chake mezani. Viporo vikajitaja wenyewe. Mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki. Mimi husema shukrani za hospitali ziende pia kwa mama yule.

Lakini kwa barua yako mtu ninayemtaka ni mwingine, Glenn Seaborg, mkemia wa California. Mwaka 1938 yeye na John Livingood waliitambua iodini-131, na mwaka huohuo yeye na Emilio Segrè wakaitambua teknesi-99m. Miaka kadhaa baadaye mamake Seaborg akaugua tezi. Akatibiwa kwa iodini-131, ileile ya mwanawe, na maisha yake yakarefuka. Kama unatafuta mahali pa kuanzia mazungumzo na mamako, anzia kwa mama huyo.

Iodini-131 inakwenda polepole kuliko teknesi. Nusumaisha yake ni siku 8. Siku ya 8 imebaki nusu, siku ya 16 robo, siku ya 24 thumuni, na ikifika siku ya 80 imebaki kama sehemu moja ya 1,000. Hakuna moto, ndimu wala barafu ya kuiharakisha au kuichelewesha. Hiyo ni hesabu ya atomi peke yake. Mwili nao unasaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya iodini ambayo tezi haikuishika hutoka kwa mkojo, hasa siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana ataambiwa anywe maji kwa wingi, na ndiyo maana choo ni muhimu kuliko hata hilo neno nyuklia.

Mjomba wako simcheki. Amechanganya mambo, lakini hofu yake ina mzizi. Chernobyl ilipolipuka mwaka 1986, iodini-131 hiihii ilianguka majanini, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na wengi wakapata saratani ya tezi miaka iliyofuata. Tezi ya mtoto ni ndogo na ingali inakua, mionzi kidogo kwake ni mingi. Basi tukimwambia mjomba "haina neno kabisa" tutakuwa tunamdanganya. Ina neno kwa mtoto wa miaka mitatu na kwa mimba ya miezi sita, maana kuanzia kama mwezi wa tatu tezi ya mtoto aliye tumboni huanza kuvuta iodini yake. Mzozo wa Uyombo, ambao watu waliandamana mwaka 2024, ni wa kinu cha kuzalisha umeme, nao una hoja zake; hauhusiani na tembe moja. Ingawa, akikuuliza, usikatae: iodini hii huzaliwa kwenye vinu vya nyuklia. Pelindaba, Afrika Kusini, ni mojawapo ya mahali inapotengenezwa.

Anapokosea mjomba ni pale anaposema nyumba itaingia sumu. Kupigwa na mwali ni kama kupigwa na jua: ukiingia kivulini umekwisha, hugeuki kuwa jua. Aliyekaa karibu na mamako hawi na mionzi ya kuwapa wengine. Kinachosafiri ni iodini yenyewe, iliyomo kwenye mkojo, mate na jasho. Hayo unayadhibiti kwa maji na sabuni. Na ukitaka kumchokoza kidogo, mwambie kwamba yeye mwenyewe, hapo alipo barazani, potasiamu-40 iliyomo mwilini mwake inavunjika zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, mbali na kaboni-14, ileile inayotumika kukadiria umri wa makaa na mifupa kutoka magofu kama ya Shanga kule Pate. Hajapata kuwa bila mionzi tangu azaliwe.

Birika, basi. Kwenu, kama nyumba nyingi za mawe, naamini mnachota kwa kata na mna visamaki ndani vya kula viluwiluwi vya mbu. Mama asitie mkono wala kata yake humo. Mwekee ndoo yake na kopo lake, mtu mwingine ammiminie. Hilo tu, na visamaki vitaendelea kuogelea. Chooni akae, asichuchumae pembeni, amwage maji mara mbili, anawe mikono kwa sabuni. Ikiwa choo ni cha shimo, mwambie daktari hivyo waziwazi, kwa sababu karatasi zao nyingi zimeandikwa kwa mtu mwenye choo cha kuvuta. Siku za mwanzo asile sinia moja na watu; sahani yake, kikombe chake, taulo lake. Nguo zake zifuliwe mbali.

Na nyumba yenu ina bahati ambayo nyumba za bati hazina. Ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa karibu nusu mita huimeza gama hii karibu yote. Dari ya boriti na chokaa haifiki unene huo lakini nayo inazuia sana. Mama akilala chumba chake cha chini na mlango wake, watu wazima wa vyumba vingine wako salama. Umbali nao ni ngao: ukitoka mita 1 hadi mita 2, kinachokufikia ni robo, ukifika mita 3, ni sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana kiungani siafiki. Kumpeleka mgonjwa wa moyo shambani peke yake, usiku, kwa sababu ya kitu ambacho ukuta na hatua tatu vinakitosha, ni kumkimbiza kutoka kwa hatari ndogo hadi kwa kubwa.

Dadako ningemhamisha, siyo kwa hofu, bali kwa sababu ya mwanawe. Mtoto wa miaka mitatu haelewi mita mbili. Aende kwa wakweze na mtoto kabla mama hajarudi, akae muda ambao hospitali itautaja. Kwa kawaida watu wazima huambiwa wasilale kitanda kimoja na mgonjwa kwa siku kadhaa, na kwa watoto wadogo na wajawazito masharti huweza kufika wiki mbili au tatu, kutegemea dozi. Na wewe, binti wa miaka 34 utakayemsindikiza, hukuniambia kama huna mimba. Hakikisha kabla ya safari.

Maulidi hayaharibiki. Wageni wakianza kuingia siku ya 16, kwa hesabu ya atomi imebaki robo, na kwa kazi ya figo ni chini ya hapo. Atakaa na wanawake wenzake, atapokea salamu. Ila chumba chake kisigeuzwe bweni la watoto wa wageni, na kama masharti ya wiki tatu hayajaisha, mjukuu avae kanzu yake na kumpungia bibi kwa mbali siku hizo chache. Usijaribu kuisogeza tarehe kiholela ili kuyapisha Maulidi. Dozi huagizwa kwa siku maalumu. Ukichelewa siku 8, nusu yake imeshakwisha njiani na hakuna wa kukurudishia.

Kuhusu safari, basi la usiku bega kwa bega na mtu usiyemjua silipendi. Ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Manda haichukui hata muda wa saa mbili. Kama uwezo upo, mwombe kiti cha pembeni, na kwenye boti akae nyuma. Muulize daktari asubiri siku ngapi Nairobi kwanza. Apewe barua ya hospitali atembee nayo, maana vipima-mionzi vya viwanja vya ndege huweza kulia hata wiki kadhaa baadaye, na hakuna jambo la kuaibisha kama bibi wa buibui kusimamishwa na askari.

Kuna la baadaye ambalo huenda hukuambiwa kwa ile haraka. Dawa haifanyi kazi siku hiyohiyo. Ni wiki hadi miezi. Na wengi wanaotibiwa hivi mwishowe tezi yao hulegea kabisa, wakawa wanameza tembe ya homoni kila siku maisha yote. Ni tembe ya bei nafuu na ya kawaida, lakini ajue leo, asije akaliona kama ulaghai wa pili. Kama macho yamemtoka au yanamwasha, daktari ajue mapema. Na samaki wa bahari, kamba na chumvi, muulize kama apunguze siku za kabla: tezi iliyoshiba iodini ya chakula huivuta kidogo ile ya dawa, na sisi watu wa visiwani tunaila kila siku. Tembe anazomeza sasa nazo, ni lini aziache.

Lililobaki ni babako. Miale yake ilitoka kwenye mashine, ikapitia ngozini siku baada ya siku ili iifikie saratani. Ngozi ndiyo iliyokuwa mlango, ikaungua. Mamako hatapigwa na mashine. Ataipitisha dawa kooni kwa maji, itafika kwenye tezi kwa damu, na ngozi ya shingo yake itabaki kama ilivyo, pengine maumivu kidogo siku za mwanzo. Na kilichomuua babako ni saratani. Hilo nadhani wewe pia hujaliambia moyo wako, maana barua yako yote unaandika "mama ataogopa" na katika kila mstari ninayemwona akiogopa ni wewe. Anza naye hapo, kwa ile shingo aliyoipaka mafuta. Mwache alie kwanza. Akikataa baada ya kuelewa, bado kuna tembe za zamani na kuna upasuaji, mrudi mkazungumze na daktari.

Na mkirudi Nairobi, mwambie daktari aseme Kiswahili. Kama hawezi, aseme polepole, nawe umfasirie mamako kila neno, na lile ulilolirukia mara ya kwanza liwe la kwanza.